Upana wa Nchi na Upana wa Kitambaa

Mlima Kilimanjaro umechorwa mara zisizohesabika. Majahazi ya pwani yamechorwa. Twiga, tembo na simba wamechorwa hata watoto wa Ulaya wasiopata kuvuka bahari huwatambua mara moja. Walakini nchi ya kati ya Tanzania, yaani uwanda wa Ugogo ulio mita elfu moja na zaidi juu ya usawa wa bahari, haikupata bahati hiyo. Msafiri atokaye mjini Dodoma kwenda kaskazini hata Haneti, katika wilaya ya Chamwino, hupita katika mandhari ambayo wachoraji wengi wameiona kwa dirisha la gari tu. Sababu itolewayo kwa haraka ni kwamba nchi ile haina kitu cha kuchora. Neno hili si la kweli, lakini lina ukoo wake, na yafaa ukoo huo utajwe kabla neno lenyewe halijakataliwa.

Burton na Speke walipita Ugogo mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Habari za safari hizo ziliikumbuka nchi kwa mambo mawili hasa: uchache wa maji na wingi wa hongo iliyotozwa na watemi. Kwa wasafiri wale Ugogo ulikuwa nchi ya kuvuka, si nchi ya kufikia. Mtu apitaye na kiu na hasira hatazami. Huhesabu siku zilizobaki. Macho hayo ya mpita njia yamerithiwa na wengi ambao hawakupata kusoma kitabu hata kimoja cha wasafiri hao, na hata leo mtu akilitaja jina la Dodoma mbele ya watu wa pwani, neno linalofuata aghalabu ni ukame, kana kwamba ukame ni jina la pili la mahali pale.

Atazamaye kwa utulivu huona vingine. Huona kwanza mstari: upeo wa macho ulionyoshwa toka mkono wa kushoto hata wa kulia, umekatwa hapa na pale na majabali ya itale yaliyosimama peke yake, na mahali pengine na vilima. Huona mibuyu ambayo wakati wa kiangazi haina jani hata moja, na magamba yake yana rangi iliyo kati ya kijivu na zambarau, isiyotulia katika jina lolote. Tembe, nyumba ya Mgogo ya tangu zamani, ina paa bapa la udongo. Ni ndefu kwa upande na fupi kwa kimo, kama kwamba mjenzi aliutazama upeo wa macho kwanza, kisha akaufuata. Udongo ni mwekundu hapa, na hatua mia mbele ni wa majivu. Na katika vilima vya Haneti maumbile yamefanya mzaha wake: humo huchimbwa krisopresi, kito cha kijani kipatacho rangi yake kwa nikeli, na hivyo nchi isiyo na jani kwa miezi saba ya mwaka imeuweka ukijani wake chini ya miguu ya watu.

Basi swali la mchoraji si kama pana kitu cha kuchora. Swali ni kipimo. Mstari ule mrefu ukitiwa katika karatasi ya upana wa kiganja huwa uzi; ukitiwa katika kitambaa cha nusu mita huwa mpaka kati ya rangi mbili, wala hapana atakayehisi kwamba mtu hutembea kutwa nzima bila kuufikia. Hapa ndipo kitambaa kikubwa kinapodaiwa na nchi yenyewe, bila kutiwa chumvi ya majivuno ya mchoraji. Lakini ukubwa wa picha katika Afrika ya Mashariki haukuamuliwa na nchi ila mara chache. Uliamuliwa na mambo mengine, na mambo hayo hayana budi kuangaliwa moja baada ya jingine.

Picha za kale kuliko zote zilizo jirani na Haneti ziko kaskazini zaidi, katika miamba ya Kolo na mahali pengi pa wilaya ya Kondoa. Mary Leakey alizinakili nyingi kati ya hizo mwaka 1951, kitabu chake juu yake kikatoka mwaka 1983, na mwaka 2006 zikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo mna watu wembamba wa rangi nyekundu iliyo nduguye ngeu ya seremala, mna twiga na tembo, na baadaye kidogo kwa tarehe mna michoro ya rangi nyeupe iliyotiwa kwa kidole kinene. Hamna upeo wa macho. Hamna mbingu wala ardhi. Imepata kusemwa kwamba upungufu huu ni dalili ya uchanga wa sanaa, na usemi huo ni wa kuonewa haya. Wachoraji wale hawakuwa na haja ya kuichora nchi kwa sababu walichora juu ya nchi: mwamba ulikuwa ukuta na mandhari kwa pamoja, na mtu aliyeitazama picha alikuwa na uwanda wote mgongoni pake. Akigeuka, aliuona. Picha ilipotolewa mwambani ikawekwa juu ya kitu kichukulikacho, ndipo nchi ilipoachwa nyuma, na mchoraji akalazimika kuibeba.

Aliyeibeba kwa ustadi kabla ya wenziwe ni Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kufariki mwaka 1993. Alisoma Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Kisha akasoma Slade, London, tangu mwaka 1952 hata 1955. Akafundisha, akawa Balozi wa nchi yake Uingereza baada ya uhuru, na baadaye mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bibi Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wake jambo, kisha kuwaacha walichore kwa macho ya moyo bila kitu mbele yao. Ntiro aliishika desturi hiyo maisha yake yote. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao mbege kwa bibi arusi wakati wa usiku, iko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York tangu mwaka 1960. Kipimo chake ni sentimeta 41 hivi kwa 51: mtu huweza kuichukua kwapani.

Udogo huo si kasoro, na mhakiki atakayeuita kasoro hajafika Machame. Nchi ya Uchagani imekunjwa. Migomba hufunika njia, kilima husimama nyuma ya kilima, na jicho husimamishwa kila baada ya hatua chache. Ntiro aliupandisha upeo wa macho juu sana hata mbingu ikabaki utepe. Chini yake akajaza watu wakilima, wakibeba, wakijenga, kila mmoja kwa umbo jepesi lisilo na uso mwingi. Nchi yake hupimwa kwa kazi za watu, na kazi za watu hutoshea katika kitambaa kidogo. Lakini wako waliodhani kwamba namna ya Ntiro ndiyo namna ya mandhari ya Kiafrika po pote, na hilo ni kosa. Mchoraji akiipeleka namna hiyo Haneti, itambidi awalete watu mia moja kujaza mahali ambapo kwa kweli wako wawili na mbuzi wao, au itambidi aiache ardhi tupu, na utupu katika kitambaa kidogo huonekana kama kazi isiyokwisha.

Habari ya Edward Tingatinga inafuata njia nyingine. Mtu huyu wa Tunduru alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi zing'aazo za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kutengenezea dari. Akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, akidhaniwa kuwa mtu mwingine. Ubao wa dari wa futi 4 kwa 8 ukikatwa sawasawa hutoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, na kipande cha namna hiyo ndicho kilichokuwa kipimo kikubwa cha shule iliyochukua jina lake. Wanunuzi walikuwa wageni wa Oyster Bay, nao walikuwa na masanduku ya safari. Hapana aibu katika jambo hili. Mafundi wa nyakati zote wamepima kazi zao kwa milango ya wateja. Hata hivyo yafaa mwanafunzi wa sanaa alijue: kipimo kinachotazamwa leo kama desturi ya kitaifa kilizaliwa na msumeno na sanduku. Twiga hutoshea vizuri katika mraba. Uwanda wa Ugogo hautoshei.

Ndipo linapokuja shauri la rangi ya akriliki na kitambaa kikubwa. Rangi za akriliki zichanganywazo na maji zilianza kuuzwa kwa wachoraji huko Marekani katikati ya miaka ya 1950. Ndani yake chembe za rangi zimeelea pamoja na chembe za gundi iliyo kama plastiki. Maji yakikauka, chembe za gundi hushikana zikawa ngozi moja, na ngozi hiyo haiyeyuki tena kwa maji. Rangi ya mafuta hungoja siku nyingi, akriliki haingoji. Ikiwa mbichi gundi yake ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka huwa angavu, kwa hiyo kila rangi hukolea kidogo baada ya kukauka. Mchoraji anayelinganisha bluu mbichi na bluu kavu ya jana hudanganyika kila siku mpaka amezoea.

Mambo haya huandikwa katika vitabu kwa kufikiria vyumba vya London au New York. Katika hewa ya Haneti, wakati upepo wa Agosti na Septemba unapovuma, hugeuka mengine kabisa. Mbingu ya kitambaa cha mita mbili haiwezi kutiwa kwa brashi ndogo kwa mtelemko mwororo toka bluu ya juu hata weupe wa chini, kwa sababu mkono ukifika upande wa kulia, wa kushoto umekwisha kauka, na palipokutana unyevu na ukavu pamebaki kovu. Wako wanaoongeza dawa ya kukawiza ukavu. Ikizidi, ngozi ya rangi huwa dhaifu na ya kunata. Wako wanaonyunyizia kitambaa maji kwa nyuma na kuweka rangi zao juu ya karatasi iliyotandikwa nguo ya maji. Njia hizo zinasaidia, lakini katika nchi ipatayo mvua ya milimeta 500 hata 600 kwa mwaka, ambako ndoo ya maji ina safari yake, mchoraji hana budi kufanya hesabu ambayo mwenziwe wa Ulaya haifanyi. Tena maji ya kuoshea brashi hayafai kumwagwa yanywewako na mifugo.

Kwa hiyo mwenye busara hufanya mapatano na rangi yake. Haitaki iwe mafuta. Huichukua brashi pana ya mpaka nyumba, huitia mbingu kwa matabaka mepesi, tabaka juu ya tabaka, na kila moja likikauka kwa dakika chache humpa nafasi ya jingine. Upepo uliokuwa adui wake sasa humfanyia kazi. Na kama makovu yatabaki, atazame juu saa nane ya mchana: mbingu ya Ugogo wakati wa kiangazi haina mtelemko mwororo unaosifiwa na wachoraji wa nchi za ukungu. Ni ngumu, imeshikana, na mpaka wake na jabali umekatwa kama kwa kisu. Haraka ya akriliki na ukali wa nuru ile ni watu wa kabila moja.

Jambo hili lilikwisha onyeshwa mahali pengine pa jua kavu. David Hockney alipotoka Uingereza kwenda California mwaka 1964 alianza kutumia akriliki, na picha yake A Bigger Splash ya mwaka 1967, iliyoko Tate, ina kiasi cha mita 2 na sentimeta 40 kwa kila upande. Mbingu, ukuta na maji vimetiwa bapa kwa kibiringisho. Rusho la maji peke yake, lidumulo nukta mbili, lilichorwa kwa brashi ndogo kwa muda wa wiki mbili hivi. Mafunzo yaliyomo ni mawili. Kwanza, nuru kavu haiogopi rangi bapa. Pili, picha kubwa hubebwa na mahali padogo palipofanyiwa kazi kwa subira, pengine pote pakibaki pamenyamaza. Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kukulia Uingereza, huonyesha njia ya tatu katika picha yake ya akriliki ya mwaka 1991, Between the Two My Heart Is Balanced: wanawake wawili weusi wamekaa mashuani, ramani zilizochanwa kati yao. Bahari iko kote, wala haikuhitaji kitambaa kikubwa ajabu, kwa maana miili ile mikubwa ndiyo inayotoa kipimo cha maji.

Kazi ya mandhari makubwa basi hugawanyika sehemu mbili, nje na ndani, na kuunganika kwa sehemu hizo ndiko kunakomjaribu fundi. Nje, nuru ifaayo Haneti hudumu saa mbili asubuhi na muda mfupi zaidi jioni. Jua likipanda, vivuli huingia chini ya vitu na nchi yote hulala bapa. Saa hizo hazitoshi kitambaa kikubwa, na upepo hukigeuza kuwa tanga. Hutosha mchoro mdogo wa rangi na maneno machache pembeni. Ndani, mchoro huo hupigwa miraba na kukuzwa. Hapa ndipo kazi nyingi hufa. Kukuza si kuzidisha. Jiwe lililokuwa nukta moja ya brashi katika mchoro mdogo, likizidishwa mara kumi, huwa doa kubwa lisilo na habari. Halina budi kuchorwa upya kama jiwe. Kinyume chake, mstari wa upeo uliokuwa na mikunjo sita hutaka pengine miwili tu, kwa sababu jicho huusafiri kwa miguu. Picha nyingi ziitwazo kubwa ni picha ndogo zilizonenepa, na dalili yake ni hii: mtazamaji akirudi nyuma hatua tano huziona bora kuliko akizikaribia.

Na hatua tano hizo zataka mahali. Chumba cha tembe ni kifupi na kina giza, kizuri kwa joto na kwa usingizi, lakini kitambaa cha mita mbili humo hakiwezi kutazamwa ila kwa kipande kipande. Ghala la nafaka lililo tupu kabla ya mavuno, au darasa wakati wa likizo, hufaa zaidi. Kuhusu kitambaa chenyewe, amerikani nzito hufaa ikiwambwa vema juu ya mbao nne zenye mti wa kati. Neno kuwamba ni lile lile la ngoma, na Wagogo, ambao ngoma zao zimesikiwa mbali, hawahitaji kufundishwa kwamba kilicholegea hakitoi sauti. Hupakwa rangi nyeupe ya kwanza mara mbili au tatu. Kazi ikiisha huvuliwa katika mbao zake na kukunjwa mviringo, uso wa picha ukiwa nje, na husafiri katika basi bila kupasuka, jambo ambalo tabaka nene la mafuta lisingestahimili. Lakini akriliki hulainika kwa joto: ikikunjwa bila karatasi kati yake hujishika yenyewe, na vumbi la njiani likiitua mchana halitoki tena. Huenda vumbi la Haneti ndilo rangi pekee ya picha hizo isiyonunuliwa dukani.

Mambo haya yangeweza kuachiwa mafundi, lau kama kuta zisingalijengwa. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya serikali mwaka 1973. Kuhama kwenyewe kulishika nguvu tangu mwaka 2016, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, na Ikulu ya Chamwino ikafunguliwa Mei 2023, katika wilaya ile ile iliyo na Haneti. Kumbi pana zimesimama mahali ambapo kizazi kimoja nyuma palikuwa pori la migunga. Kuta za namna hiyo hazikai tupu muda mrefu. Zitavikwa, na rahisi kuliko yote ni kuzivika mlima wa theluji na simba, ili mtu aliyekaa Ugogo azungukwe na picha za mahali pengine, na dirishani pake upo uwanda ambao hapana aliyeuona kuwa unastahili fremu. Wako watakaojibu kwamba mlima ni wa taifa zima, na jibu hilo lina haki yake. Lakini nchi ya kati nayo ni ya taifa zima, na haijapata kutundikwa kwa kipimo chake.

Tena wakati wake wa kuchorwa ni mfupi. Mwishoni mwa Novemba, mvua ingali haijashuka na udongo ungali na rangi ya mfupa, baadhi ya mibuyu na migunga hutangulia kutoa majani. Kwa siku chache kijani kikali husimama juu ya ardhi kavu, bila jani la nyasi chini yake. Mvua ikifika Desemba, nyasi huota, nchi yote huwa ya kijani, na tofauti ile hupotea hata mwaka mwingine. Kitambaa hakina budi kuwa kimewambwa na kupakwa nyeupe tangu Oktoba. Na asiyekuwa nacho tayari itampasa achore kwa kukumbuka, kama wanafunzi wa Bibi Trowell.